Omena, Mvua na Nguvu za Jua

Kazi yangu katika utafiti ule ilikuwa kuliondoa neno "sola".

Nilikuwa nimestaafu kufundisha sarufi, nimerudi nyumbani Migori kupanda miwa michache na kusoma vitabu ambavyo kwa miaka mingi nilikuwa nikivitaja tu, pale kijana mmoja mchumi kutoka Nairobi aliponipigia simu kwa unyenyekevu mwingi. Waliomwajiri walitaka kujua kama watu wanaotumia nishati jadidifu, ile isiyokwisha ikitumiwa, huinuka kiuchumi kuliko wasioitumia, na walikuwa wamechagua kaunti mbili, Migori na Homa Bay. Hojaji ilikwisha kutafsiriwa. Walichohitaji ni mtu wa kuipangusa vumbi la mtaani. Masharti yalisema lugha iwe sanifu, isiyo na maneno ya kuokota.

Mimi ni mtu niliyetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuyapiga mistari myekundu maneno ya kuokota. Kwa hiyo naomba msomaji anielewe ninaposema kwamba, kwa mara ya kwanza katika umri wangu, nilijikuta upande wa neno la kuokota, nikilitetea dhidi ya mtu aliyeweza kuwa mwanafunzi wangu.

"Tuliache 'sola'," nilimwambia. "Ndilo wanalolijua."

"Lakini Mwalimu," akasema, "si 'sola' ni Kiingereza kilichochoka? Tunalo neno letu. Nishati ya jua."

Hoja yake haikuwa na dosari. Ningeweza kuiandika mwenyewe, na pengine niliwahi kuiandika. Nikapiga mstari mwekundu juu ya "sola" kila nilipolikuta, na mahali pake nikaweka "nishati ya jua", kwa mwandiko mzuri.

Tulianza safari siku ya soko. Tulipofika Rodi Kopany mchumi alitaka mahindi ya kuchoma, na wakati akingoja akaliona duka lenye kibao kikubwa: TUNAUZA SOLA, TUNATENGENEZA SOLA, SOLA YA MKOPO IPO. Akakitazama kwa huzuni ya mtu aliyekuta kosa la tahajia juu ya kaburi. Aliniuliza kama wenye duka wangekubali kuelimishwa. Nilimjibu kwamba wangekubali bila shaka, kisha wangefunga duka, kwa kuwa hakuna mteja ambaye angejua tena wanauza nini.

Siku hiyohiyo, sokoni Ndhiwa, tulimhoji kinyozi. Alikuwa mtu mnadhifu, mwenye redio, feni ndogo na kioo kilichozungushiwa taa za rangi, na wateja wake walikuwa wamejaa hata kwenye kizingiti. Juu ya bati lake kulikuwa na paneli iliyong'aa hata ukiitazama ukiwa mbali. Mchumi aliketi akamsomea swali kama lilivyoandikwa: je, katika shughuli zako hutumia nishati ya jua?

Kinyozi aliisimamisha mashine yake, akafikiri, kisha akajibu kwa heshima kwamba hatumii.

"Hutumii kabisa?"

"Kabisa. Mimi kazi yangu ni ya kivulini."

Wateja wakamuunga mkono. Mmoja akaeleza kwamba wanaotumia jua ni wale wa matofali, kule mtoni, na kwamba hiyo si kazi ya kumwombea hata adui. Mchumi akaweka alama kwenye "hapana". Nilimnong'oneza kwamba paneli iko juu ya vichwa vyetu. Akaninong'oneza kwamba jibu la mhojiwa ni amana, na kwamba mtafiti akianza kuchungulia mapaa ataishia kuandika anachokitaka mwenyewe. Hilo nalo lilikuwa kweli. Sijapata kukutana na makosa yaliyojengwa kwa kweli nyingi kiasi kile.

Kutoka Ndhiwa tuliteremka hadi ziwani, kwenye ufuo anakoishi mke wa mdogo wangu. Wote humwita Nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, kwa kuwa kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka, hata akikaa kwa mumewe mpaka mvi. Yeye ndiye kiongozi wa wanawake wanaonunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye mitumbwi alfajiri, wakazianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, wakazigeuza, wakazikusanya na kuziuza zikiwa kavu. Jua likiwaka, kazi huisha kwa siku moja. Mvua ikinyesha, omena hulala mbichi, huanza kulainika tumboni, na kufikia kesho yake hazifai tena kwa mtu. Huja wanunuzi wengine, wenye magari, wanaozichukua kwa bei wanayoitaja wao, zikasagwe ziwe chakula cha kuku.

Neno hilo, kuku, lilikuwa limemwingia Nyar Ndhiwa kama mwiba. Msimu uliopita mvua ilikuwa imekatalia pale, na karibu kila alichonunua kiliishia kwa kuku. Aliniambia kwamba ameanza kuwachukia kuku wake mwenyewe, ambao hawana hatia yoyote. Tena ilifika mahali akawaambia wenzake kwamba msimu mwingine kama ule ukija ataacha biashara, arudi kulima kwa kaka zake. Kwa mwanamke wa umri wake, kurudi kwa kaka ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini.

Ndiyo maana utafiti ule ulikuwa na maana kwake. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba pamoja na maswali ingekuja zawadi: mashine moja ya kukaushia, chumba cha karatasi ya nailoni ngumu chenye feni zinazoendeshwa na paneli, na betri za kuendelea kuzizungusha mawingu yakifunga. Mashine ilikuwa moja, na waliopigiwa hesabu walikuwa wawili: ufuo ule, na kikundi cha wakulima wa Kehancha. Ingekwenda kwa wale ambao nishati ya jua ilikuwa haijawafikia.

Wanawake walikusanyika, na kwa kuwa wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni, msaidizi wetu aliwatafsiria kwa Dholuo. "Nishati jadidifu" ilimshinda. Akaisema kama ilivyo, na nikasikia mama mmoja akimuuliza jirani yake kama hilo ni kanisa jipya. Lakini "nishati ya jua" haikumpa tabu. Akasema teko mar chieng', nguvu za jua. Je, mnatumia nguvu za jua?

Ufuo mzima ukaitikia. Walikuwa wakitumia nguvu za jua tangu enzi za mama zao na bibi zao. Walizitumia kila siku. Nyar Ndhiwa, ambaye alitaka mashine ile kuliko wote na aliamini kwamba mtu hupewa kwa kuonyesha bidii, alisimama ili jibu lake lisipotee katika kelele.

"Andika, mtoto wangu," akamwambia mchumi. "Sisi bila jua hatuli. Hakuna mtu katika kaunti hii anatumia jua kutushinda."

Mchumi akaandika. Nilimvuta kando nikamweleza, taratibu, kwamba tumewauliza kuhusu paneli nao wametujibu kuhusu kuanika. Alinisikiliza kwa makini, kwa kuwa ni kijana aliyelelewa vizuri. Kisha akaniuliza kama omena zile zinakaushwa kwa nishati ya jua au hazikaushwi kwa nishati ya jua. Nikasema zinakaushwa. Akaniuliza kama nishati hiyo ni jadidifu. Nikasema jua huchomoza kila siku, kwa hiyo ndiyo. Akafungua mikono yake kama mtu aliyemaliza kuthibitisha kanuni ubaoni, nami, niliyefundisha miaka mingi kwamba neno lishikwe kwa maana yake kamili, sikuwa na pa kushika.

Kehancha mambo yalikwenda kinyume. Mkalimani wa Kikuria alikuwa mtu mvivu, Mungu ambariki. Aliliona swali refu, akalifupisha: mna sola? Wakasema hawana, na kweli hawakuwa nayo. Mwenyekiti wa kikundi chao, mzee mkulima wa tumbaku mwenye kofia ya sufu na kicheko kilichotangulia maneno yake, alituonyesha kibanda ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni usiozimwa, na rundo la magogo lililokaribia kuwa refu kuliko nyumba. Mahindi yao yalikuwa yametandazwa uani juani, yakigeuzwa kwa miguu. Hakuna aliyeuliza kuhusu mahindi.

Baada ya miezi kadhaa tuliitwa hotelini, mjini Homa Bay, kusikia matokeo. Kulikuwa na chai, mandazi na maji ya chupa, na nje mvua iliyoanza kabla ya mapambazuko. Ufuo ule uliwakilishwa na Nyar Ndhiwa, aliyefika akiwa amelowa hadi magotini na kuketi karibu nami. Kutoka Kehancha alikuja mwenyekiti mwenye kofia.

Mchumi alisimama mbele ya ukuta akaonyesha mstari. Ulianzia juu upande wa kushoto ukateremka hadi chini upande wa kulia, kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Alieleza kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachokisema kwamba matokeo yamewashangaza. Kadiri watu wanavyotumia nishati ya jua, ndivyo uchumi wao ulivyo duni. Wasioitumia, kwa mfano wenye biashara ndogo za huduma sokoni, wanaendelea vizuri. Nikamwona kinyozi wa Ndhiwa katika mawazo yangu, amekaa juu kabisa ya mstari ule, kivulini, paneli ikimwangazia utosi.

Akaendelea. Kuhusu mashine, uamuzi ulikuwa umefuata vigezo. Ufuo wa omena ulionekana kujitosheleza kabisa kwa nishati ya jua. Kuwaongezea nyingine kungekuwa kurudia kazi. Mashine itakwenda Kehancha.

Nyar Ndhiwa aliniuliza kwa Dholuo kama amesikia vizuri. Nikamwambia amesikia vizuri. Akazikunja ncha za leso yake, kisha akasimama.

"Mtoto wangu, umesema sisi tuko na jua ya kutosha."

"Ndiyo, mama. Kulingana na majibu yenu."

"Haya. Angalia dirisha, uniambie iko wapi."

Watu wakatazama dirisha. Ziwa halikuonekana, kulikuwa na weupe tu na sauti ya mabati.

"Leo alfajiri nimenunua omena," akasema. "Saa hii ziko chini ya turubai zinaoza. Hiyo jua umeandika kwa karatasi, nipatie kidogo tu nianike. Ama niite kuku waje wakule?"

Kicheko kilienea ukumbini, lakini yeye hakucheka, na waliokuwa karibu naye wakanyamaza kwanza. Mwenyekiti wa Kehancha, ambaye hakuwa mtu wa kuipita nafasi, akageuka kitini.

"Mama, nyinyi muko na ziwa, muko na samaki, muko na jua. Mashine pia mnataka? Sisi tubaki na nini, mlima?"

"Wewe uko na tumbaku, baba."

"Sawa, niko na tumbaku." Akamgeukia mchumi. "Hii mashine yako, moto yake ni kali?"

Mchumi akamweleza kwamba haina moto. Ni hewa ya uvuguvugu inayozungushwa na feni, ambayo hukausha polepole na kwa usafi. Mzee akaivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba mashine imo humo.

"Uvuguvugu haiwezi tumbaku," akasema. "Tumbaku inataka moto ya kweli. Na mahindi yangu inakauka uani, shida yangu ni mbuzi tu. Hiyo kitu haifukuzi mbuzi. Mpatieni huyu mama."

Hapo mchumi alipata taabu ambayo niliionea huruma. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amekwisha kuelewa, nadhani tangu pale aliposikia mabati. Lakini matokeo yalikuwa yamepitishwa na wakubwa wake, na mashine haikuweza kuandikwa kwa ufuo ambao tayari umejitosheleza kwa kile kile ambacho mashine inaleta. Angeanzaje kuwaambia kwamba wanawake walielewa swali kuliko walioliandika? Akasema, kwa sauti iliyopungua, kwamba kwa maandishi mashine haina budi iwe ya Kehancha.

"Iwe yetu, nani amekataa?" mzee akasema. "Itakuwa ya kwetu, inakaa kwake. Kama ng'ombe."

Pande zetu hilo halihitaji maelezo, ila mchumi alilihitaji, nami nikampa. Mtu mwenye ng'ombe na asiye na malisho ya kutosha humpeleka ng'ombe kwa rafiki aliye mbali. Rafiki humchunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na ndama pia ni wa mwenyewe. Wajaluo wanaijua desturi hiyo, Wakuria wanaijua, na tangu zamani imevuka mpaka kati yao, ingawa ng'ombe wengine walivuka bila mazungumzo yoyote ya awali.

Mzee alikuwa akilifikiria jambo hilohilo. "Hii itakuwa ng'ombe ya kwanza kutembea kati yetu na nyinyi mchana," akasema, "na mwenyewe anajua imeenda wapi."

Safari hii Nyar Ndhiwa alicheka. Akamwambia kwamba atamchunga vizuri na kila baada ya muda atamletea maziwa yake. Mzee akauliza kuhusu ndama.

"Ikizaa," akasema Nyar Ndhiwa, "nitaileta mwenyewe kwa mguu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilifungwa ufuoni, na kwenye bamba lake la chuma kukaandikwa kwamba ni mali ya wakulima wa Kehancha, jambo lililowapa watalii wachache waliopita pale shida ya kijiografia. Wanawake walijenga ua kuizunguka na kumzuia kila mtu mwenye viatu vichafu. Mvua ndefu zilipokuja nilipigiwa simu na mdogo wangu, akaniambia kwamba shemeji yangu ameuza omena kwa watu, zote, na kwamba wale wenye magari ya chakula cha kuku wamefika, wakasimama kidogo, wakaondoka. Kaka zake Nyar Ndhiwa hawakutajwa tena.

Mwaka uliofuata mchumi alirudi kufanya duru ya pili, apate kupima mabadiliko. Alikuwa amekua kidogo usoni. Tulipopita Rodi Kopany alikitazama kile kibao cha duka, kisha akakiri kwamba amewaomba wakubwa wake ruhusa ya kutumia neno "sola", nao wamekataa. Maswali ya duru ya pili, walimweleza, hayana budi yawe sawasawa na ya duru ya kwanza, neno kwa neno, la sivyo hayawezi kulinganishwa. Nilimwambia kwamba hilo nalo ni kweli. Tulicheka, ila si sana.

Tulifika mvua ikinyesha. Ndani ya mashine kulikuwa na joto na harufu nzuri ya omena kavu, feni zikivuma, maji yakiteleza juu ya nailoni. Nyar Ndhiwa alitukaribisha kwenye benchi, akatupatia chai, akaipangusa mikono yake, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha. Safari hii hakungoja wenzake. Mchumi akafungua ukurasa, akanitazama, akasoma kama ilivyoandikwa: je, katika shughuli zako hutumia nishati ya jua?

"Hapana," akasema Nyar Ndhiwa.

Mchumi akasubiri.

"Zamani tulikuwa tunatumia jua," akaendelea, kwa majivuno yasiyofichika. "Hiyo ilikuwa shida tu. Siku hizi hatutumii tena. Tunatumia mashine."

Kalamu ya mchumi ilisimama hewani. Niliweza kuona alichokuwa akikiona: ufuo umeacha nishati ya jua na mapato yake yamepanda, Kehancha imepata mashine ya jua na hakuna kilichobadilika huko, na mstari wake, ambao labda alitumaini kuuona ukiinua kichwa, unateremka sasa kwa kasi zaidi. Akaniuliza kwa macho afanye nini. Ningeweza kumweleza shemeji yangu swali lilikusudia nini. Tungetumia neno moja tu, naye angejibu vingine mara moja. Lakini alikuwa ameketi pale katika joto la mashine yake, siku ya mvua, akisema jambo alilolijua.

"Jibu la mhojiwa ni amana," nikasema.

Akaweka alama kwenye "hapana".

Tulipoaga, Nyar Ndhiwa aliuliza tunakoelekea. Tukamwambia Kehancha. Akaingia ndani ya mashine akatoka na gunia dogo la omena, kavu mpaka zinalia ukilitikisa, akalifunga mdomo kwa kamba na kulipakia garini mwenyewe.

"Hayo ni maziwa," akaniambia, akiniita mwalimu kwa Dholuo. "Japuonj, mpelekee mwenye ng'ombe. Mwambie anakula vizuri, lakini bado hajazaa."